Umepogoa miembe na michungwa? Weka kiberiti chini kwanza, hayo matawi yana kazi

Habari zenu wenye miti ya matunda. Mi niko Uganda, upande wa Tororo, njia ya kwenda Malaba, nina miembe kama 40 hivi, michungwa, ovakado za Hass kidogo, na mafenesi matatu ambayo marehemu babu alipanda kabla mi sijazaliwa. Kila msimu wa maembe ukiisha tunapogoa, na kwa miaka mingi kazi ilikuwa inaishia hapo hapo, matawi yanarundikwa katikati ya shamba, yanakauka wiki mbili, kijana anawasha kiberiti, moshi unafunika kijiji na mama jirani anakimbia kuanua nguo zake huku anatusema. Alafu mwezi unaofuata mimi huyo huyo naingia mfukoni kununua gunia la makaa na kulipa mtu aniletee samadi. Yaani nachoma kuni zangu na mbolea yangu alafu naenda kununua za wengine.

Sasa nafanya tofauti, na hapa naandika vile nafanya, pamoja na pale nilipokosea ndo usirudie. Usiogope kwamba huna mashine ya kukatakata matawi, hiyo ni nzuri kwa mtu wa ekari nyingi au kama mko kikundi mnachanga, mi naongea na mtu wa panga, msumeno na jerikani.

Hatua ya 1: siku ya kupogoa yenyewe

Mwembe pogoa mara tu ukishavuna, usingoje mpaka uanze kujiandaa kutoa maua. Chagua siku kavu, maana kidonda cha mti kikinyeshewa kikiwa kibichi ukungu unaingia rahisi. Anza na miti mizima, ile inaonekana kuumwa iache mwisho, na ukitoka mti mgonjwa kabla ya kugusa mwingine futa msumeno na mkasi kwa Jik iliyochanganywa na maji, kifuniko kimoja cha Jik kwa vifuniko tisa vya maji, alafu suuza na upake mafuta kidogo kwa sababu Jik inakula chuma. Utomvu wa mwembe unawasha ngozi ya watu wengine vibaya sana, kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu ata kama jua ni kali.

Hatua ya 2: gawa siku ile ile

Hapa ndo kazi yote iko. Watu wengi wanarundika kila kitu pamoja wanasema tutagawa kesho, na hiyo kesho haifiki, matawi yanashikana, majani yanakauka, mchwa wanaingia, mwisho wake kiberiti. Mi sasa kijana mmoja anakata na mwingine anagawa hapo hapo chini ya mti, rundo tano:

Rundo la wagonjwa. Majani na vijiti vyembamba. Vijiti vya unene wa kidole gumba. Matawi ya unene wa kifundo cha mkono. Na magogo, yale yanapita unene wa mkono.

Rundo la wagonjwa ndo la kwanza kushughulikiwa. Kwenye mwembe tafuta vijiti vilivyokufa kuanzia ncha vikiwa vyeusi, hivyo vinabeba ukungu ule unatia matunda madoa meusi, na ukiviacha chini ya mti mvua ya kwanza inarusha ukungu juu tena kwa majani mapya. Kwa wenzangu wenye kahawa robusta, na ata ovakado na mwembe pia, kuna kale kadudu keusi kadogo kuliko punje ya mtama, kanatoboa kijiti upande wa chini, tundu lake ni kama la sindano, na kijiti kinakauka ghafla majani yakiwa bado yameshika. Hako kadudu kalionekana Uganda miaka ya tisini, kakaanza huko Bundibugyo, na kwa vile kizazi kimoja kanakikamilisha kama kwa mwezi tu, ukiweka rundo lako pembeni wiki tatu nne "likauke" umekafugia nyumba. Hapo sibishani na mtu, hicho kijiti kikate chini kabisa ya tundu na kichomwe siku hiyo hiyo. Na kahawa iliyokufa na mnyauko, mti mzima, usiuburute kupitia shamba ata kwa kuni, ng'oa uchome palepale uliposimama. Kwa hiyo mimi si adui wa moto, ila moto uwe na sababu.

Hatua ya 3: majani, na hapa uwe makini na mbuzi

Majani ya fenesi mbuzi wanapenda kama watoto na chapati. Funga mzigo mdogo uning'inize juu ya zizi wale wenyewe, usimwage chini wakanyage. Majani ya mwembe wanakula kidogo, lakini usifanye chakula cha kila siku.

Majani ya ovakado usiwape. Usiwape kabisa. Mi nilikuwa sijui, nilipogoa ovakado nikaona majani mabichi mengi nikasema mbuzi wafaidi, jike langu moja lililokuwa linanyonyesha likavimba kiwele, maziwa yakakata, siku ya pili linapumua kwa shida na shingo imevimba. Daktari wa mifugo alivyokuja kitu cha kwanza aliuliza "umewalisha nini jana?" Nilivyomwambia akatikisa kichwa. Kuna sumu kwenye majani na magome ya ovakado, inaitwa pasini, inaharibu matiti na moyo wa mnyama, na si mbuzi tu, sungura, farasi na ndege wa kufuga pia. Lile jike lilikufa. Majani ya ovakado sasa yanaenda kwa mboji moja kwa moja na nafunga geti.

Hatua ya 4: vijiti vyembamba na matandazo

Vijiti vya chini ya unene wa kidole weka juu ya kisiki, katakata na panga vipande vya urefu wa kidole, changanya na majani, tandaza chini ya miti. Unene wa kama sentimita 8 mpaka 10 unatosha. Acha nafasi ya sentimita 30 kuzunguka shina, usisukumie matandazo mpaka mti uonekane umevaa skafu, maana pale unyevu unaozesha gome na mchwa wanapata ngazi ya kupandia. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza kwa michungwa sita, nilivyofunua nikakuta mchwa wamekula gome kuzunguka mashina mawili.

Kitu kingine, hivyo vipande viweke juu ya udongo, usivifukie vikiwa vibichi. Wale wadudu wadogo wa udongo wanaoozesha kijiti wanahitaji naitrojeni, na wakikosa kwenye kijiti wanachukua ile ya udongoni, mimea yako inakuwa ya njano na wewe unadhani ni ugonjwa. Vikikaa juu tu hilo tatizo haliji kwa nguvu.

Shamba likiwa kwenye mteremko usijichoshe kukatakata, panga vijiti mstari kukatisha mteremko, vishikilie na vigingi vya mti, maji ya mvua yanapunguza mwendo na udongo unabaki juu ya mstari. Watu wa Kigezi, kule milimani kusini magharibi mwa Uganda, wamefanya hivyo na mabaki ya mazao miaka mingi, si kitu kipya.

Matawi ya mchungwa yenye miiba usitandaze mahali watoto wanapita peku. Hayo mi nazungushia kitalu cha miche na banda la kuku, kuku wa jirani hapiti na mbuzi anaheshimu.

Hatua ya 5: mboji

Shida ya matawi ni kwamba peke yake hayaozi, yana kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo. Mboji inapenda kama kaboni 30 kwa naitrojeni 1 hivi, na vijiti vikavu viko juu ya 100. Kwa hiyo lazima uvipe mwenzake, kitu kibichi au samadi, na sisi Uganda tuna bahati ya maganda ya matoke, kila nyumba inatupa kila siku. Ongeza nyasi mbichi, mavi ya mbuzi, na yale majani ya tithonia yenye maua ya njano yanamea tu kando ya barabara.

Pima upana mita moja na nusu, urefu wowote unaotaka. Chini kabisa weka vijiti vikubwa bila kukata, kama sentimita 20, hewa ipite. Juu yake vijiti vilivyokatwakatwa na majani makavu, alafu kibichi, alafu samadi, nyunyiza udongo kidogo na maji, rudia mpaka rundo lifike kifuani. Funika na majani ya migomba. Choma fimbo ndefu katikati uiache, siku ya nne ivute uishike, ikiwa ya moto mpaka unataka kuiachia, mambo yako sawa. Ikiwa baridi na kavu ongeza maji na samadi, ikiwa baridi na inanuka kama choo maji yamezidi, pindua uweke vijiti vikavu. Pindua baada ya wiki tatu, alafu tena wiki tatu. Miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi inanukia kama msitu. Vijiti ambavyo vimekataa kuoza chekecha uvirudishe kwenye rundo jipya, vinabeba wadudu wazuri wa kuanzisha.

Hatua ya 6: shimo la makaa ya udongo

Hii ndo napenda kuliko zote, na ndo ilinifanya niache kuchoma ovyo. Haya ni makaa lakini si ya kupikia, ni ya kuweka shambani, wengine wanaita bayochari. Kaboni ya tawi badala ya kupotea kwa moshi inabaki udongoni miaka na miaka, na lile kaa lina vitundu vidogo vidogo vinashika maji na mbolea. Wazee wa kule Amazoni walikuwa na udongo mweusi wenye makaa ndani, mpaka leo una rutuba.

Tumia matawi ya unene wa kidole gumba mpaka kifundo cha mkono, mazito zaidi ya hapo yapasue. Yakauke kweli kweli, ukivunja yalie "ta!", yakipinda tu bado. Na hapa usisahau kale kadudu, kinachokaushwa ni matawi yasiyo na tundu wala ugonjwa tu.

Chimba shimo kama bakuli, juu mita 1.2, chini linabana mpaka kama sentimita 40, kina sentimita 60. Kuta ziwe laini na zimeinama. Nilivyokuwa nachimba mzee mmoja jirani alipita na baiskeli akasimama, "Mwanangu, hapo unamzika nani?" Nikamwambia mzee wangu, nazika moshi. Akacheka akaenda, lakini jioni alirudi kuangalia.

Washa moto wa vijiti vikavu chini ya shimo, ukishika vizuri panga tabaka nyembamba la matawi juu yake. Sasa simama hapo na uangalie, usiende kunywa chai. Matawi yakianza kuvaa jivu jeupe pembeni, weka tabaka lingine. Yakivaa tena, lingine. Siri yake ni kwamba moto unakaa juu, unakula hewa yote na unakula na moshi pia, kwa hiyo yale ya chini hayapati hewa, yanageuka makaa badala ya jivu. Ukiona moshi mwingi umeweka matawi mengi kwa mara moja au ni mabichi. Ukichelewa kuongeza unabaki na jivu. Ni kama kupika chapati, ukigeuka tu imeungua. Moshi wa mwembe unawasha macho na kifua, kaa upande upepo unatokea.

Masaa mawili matatu shimo linajaa. Tabaka la mwisho likishaanza kuvaa jivu, mwaga maji mengi, kwa shimo la ukubwa huu andaa jerikani sita mpaka nane za lita 20 kabla hujawasha, si baada. Maji yakiwa shida funika na udongo mbichi uzibe kila tundu, uache mpaka kesho kutwa, na usifunue haraka, makaa yanaweza kuwaka tena. Kwa uzito, kilo 100 za matawi makavu zinatoa kama kilo 20 mpaka 25 za makaa. Safisha majani makavu mita kadhaa kuzunguka shimo, usifanye Januari mchana upepo ukivuma, na mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na majirani mapema, watu wakiona moto na hawajui wanakimbia na mapanga.

Kosa kubwa ambalo watu wanafanya ni kuchukua hayo makaa na kuyamwaga shambani moja kwa moja. Makaa mapya yana njaa, yanavuta mbolea ya udongo kuja kwao na msimu wa kwanza unavuna kidogo kuliko jirani. Yalishe kwanza. Ponda mpaka saizi ya maharage na chini ya hapo, changanya nusu kwa nusu na mboji au samadi mbichi, au yaloweke kwenye mkojo wa mbuzi na ng'ombe, acha wiki mbili ata mwezi. Njia ya uvivu ambayo mi natumia ni kuyamwaga chini ya banda la mbuzi, yanakunywa mkojo yenyewe, harufu inapungua, baada ya mwezi nakwangua yote naenda nayo. Kwa mti mkubwa nachimba mfereji mdogo pale kivuli cha matawi kinaishia, naweka ndoo mbili za mchanganyiko, nafunika. Ukiwa na udongo wenye chokaa nyingi usizidishe, makaa na jivu vinapunguza asidi na si kila udongo unataka hivyo.

Hatua ya 7: briketi za sigiri, yaani vumbi la makaa lililobanwa, la kupikia kwenye jiko la makaa

Mei 2023 rais Museveni alitoa amri ya kusimamisha uchomaji wa makaa ya biashara upande wa kaskazini, na tangu hapo watu wengi wanafikiria mbadala wa makaa ya miti ya msituni. Kutumia matawi yako nyumbani ni kitu kingine, lakini ukitaka kuuza na kusafirisha muulize kwanza afisa misitu wa wilaya, usije ukashikwa kwenye roadibloku na gunia lako unaanza kueleza habari za miembe.

Kwa briketi makaa ya shimoni lazima yawe yamezimwa kwa maji, yale yamezimwa kwa udongo yanabeba mchanga, briketi inatoa jivu jingi na inawaka kivivu. Kausha, twanga, chekecha. Kilo moja ya unga wa muhogo pika uji mzito kwenye lita nane hivi za maji, changanya na vumbi la makaa kilo 15 mpaka 20 uji ukiwa bado wa moto. Kamata ngumi moja ubane, ikishikana bila kutoa maji kati ya vidole iko tayari, ikivunjika ongeza uji kidogo. Huna mashine? Kata kipande cha paipu ya plastiki, jaza, shindilia na mti ulioingia vizuri ndani, sukuma itoke. Siku ya kwanza kivulini ndo zisipasuke, alafu jua siku tatu mpaka tano. Ikilia kama kigae ukigonga mbili pamoja, imekauka.

Zinachelewa kushika kuliko makaa ya kawaida, anzishia na vijiti kidogo, lakini zikishika zinakaa, maharage yanaiva bila kuongeza. Zinatoa ile hewa ya sumu isiyonuka sawa na makaa mengine, kwa hiyo sigiri isiingie chumba cha kulala kilichofungwa ata usiku wa baridi.

Kwa shamba dogo kama langu pesa ya briketi ni ya chumvi na sabuni, sitakudanganya. Faida ni kile ambacho hununui tena.

Magogo

Haya ni machache, usiyafanye kuni haraka. Ovakado ni laini na inaoza upesi, hiyo kweli ni kuni tu. Mwembe unatoa mbao za stuli na mizinga ya nyuki ukikaushwa vizuri. Fenesi ni mbao ya njano nzuri sana, mchwa hawaipendi, ukipata tawi nene la fenesi usimpe mtu bure. Mchungwa ni mgumu na mzito, unafaa mipini, miiko na michi midogo. Paka rangi ya zamani au matope kwenye ncha zote mbili, weka kivulini mahali hewa inapita, miezi mingi, maana ukianika juani mchungwa unapasuka mpaka ndani. Mpini wa jembe langu la sasa ni wa mchungwa uliokufa kwa ajili ya ule mchwa niliowasimulia, na tawi la fenesi la mwaka jana bado liko juu ya dari linangojea fundi mwenye msumeno wa maana.